Spana Ruksa, Msumeno Marufuku

Gari la zamani liachwe lilivyotoka kiwandani au libadilishwe? Chukua mfano wa Volkswagen Beetle ya kabla ya modeli ya 1967, ile yenye umeme wa volti 6. Taa zinawaka manjano kama kibatari, starta inazunguka kwa uvivu, na ukikanyaga breki huku indiketa inawaka, kila kitu kinafifia. Ushauri unaotolewa haraka ni mmoja: libadilishe liwe la volti 12. Ni ushauri unaoeleweka, ila mara nyingi hutolewa kabla mtu hajashika mita.

Shika mita kwanza. Iweke kwenye volti za DC, ncha moja iguse nguzo hasi ya betri yenyewe (nguzo, si kibanio cha waya), ncha ya pili iguse chuma kisafi cha giaboksi, kisha mtu mwingine azungushe starta. Kwenye mfumo wa volti 6, ukisoma zaidi ya 0.2 au 0.3, umeme unapotelea njiani. Lala chini ya gari utazame mbele ya giaboksi: kuna mkanda wa shaba uliosukwa unaounganisha giaboksi na bodi. Baada ya nusu karne mkanda huo huwa wa kijani, nyuzi nusu zimekatika, na bolti yake imekaa juu ya rangi na kutu. Umeme wote wa starta unapita hapo. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, weka mkanda mpya, paka grisi juu. Halafu angalia waya wa betri. Taa ya wati 60 hula ampea 5 kwenye volti 12, lakini kwenye volti 6 hula 10. Mkondo ni mara mbili, kwa hiyo waya unatakiwa uwe mnene zaidi, na Beetle nyingi zimewekewa waya mwembamba wa gari la volti 12 kwa sababu ndio uliokuwa dukani. Ukirekebisha hayo mawili pamoja na viunganishi vya taa, starta inazunguka vizuri na taa zinaonyesha njia.

Sasa tazama upande wa pili, yaani kazi ya kubadilisha. Balbu zote, koili, dinamo na kidhibiti chake, rilei ya indiketa, mota ya waipa, honi na choki ya umeme kama ipo, vyote vinahusika. Kisha unafika kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la meno linalozungushwa na starta. Ya volti 6 ina meno 109 na ya volti 12 ina meno 130, tena kipenyo chake ni kikubwa zaidi. Kwenye giaboksi za zamani flaiwili hiyo haizunguki bila kugusa, hivyo mtu anachukua grinda na kula chuma cha ndani ya ganda la giaboksi. Safari iliyoanza na mkanda mchafu wa shaba imeishia kwenye chuma kilichokatwa, na kilichokatwa hakirudi.

Suala la kuacha gari la zamani lilivyotoka kiwandani au kulibadilisha hujadiliwa kana kwamba ni la ladha. Mimi naliona kuwa ni la mpangilio wa kazi. Kwanza gari lirekebishwe lifikie kiwango alichokusudia mtengenezaji. Kisha liendeshwe, kilomita mia kadhaa, mchana na usiku, kwenye mvua na kwenye mlima. Hapo ndipo utajua nini hakitoshi. Hicho kibadilishwe kwa spana, kwa namna ambayo mtu mwingine, miaka 20 ijayo, akiwa na spana ileile anaweza kukirudisha. Asilimia kubwa ya mabadiliko yanayofanywa ni dawa ya ubovu ambao haukutibiwa.

Kuchemka kwa injini ni mfano ulio wazi. Gari linachemka kwenye foleni, mwenye gari ananunua rejeta kubwa na feni ya umeme. Lakini gari lile lilipokuwa jipya halikuchemka. Nenda nyuma ya bloku la injini utafute koki ya kumwagia maji. Ifungue. Mara nyingi hakitoki kitu. Ingiza waya mgumu kwenye tundu uchokonoe, na utaona tope la kutu likianza kudondoka, jekundu na zito kama udongo wa mfinyanzi. Tope hilo limezunguka silinda ya nyuma na kuzuia maji kuigusa, na hakuna feni inayoweza kulitoa. Lisafishwe kwa maji ya shinikizo kupitia koki na tundu la thamostati (vali inayofunguka maji yakipata moto), kwa kugeuza mwelekeo, mpaka maji yatoke safi. Rejeta nayo ipimwe kwa kipimajoto cha miale (infraredi) injini ikiwa ya moto: sehemu zilizo baridi katikati ni mirija iliyoziba. Mfuniko wa rejeta uliochoka hauhifadhi shinikizo, na maji yasiyo na shinikizo huchemka mapema. Angalia pia taiming, kwa sababu cheche ikichelewa joto jingi huishia kwenye hedi na kwenye ekzosti. Wanaotoa thamostati kabisa hujiletea tatizo jingine: kwenye injini zenye njia ya pembeni ya maji inayofungwa na thamostati, ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta.

Na hiyo feni ya umeme inataka chakula. Hapa hesabu ni lazima. Dinamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960, inatoa ampea 22 ikiwa nzima na inazunguka kasi. Taa kubwa mbili za wati 60 zinakula ampea 10. Taa ndogo, za namba na za dashibodi, kama 2.5. Waipa 3. Mfumo wa kuwasha injini kama 3.5. Umefika 19 kwenye usiku wa mvua. Washa feni ya hita, umevuka 22. Feni ya rejeta pekee inakula kati ya 10 na 15. Ukisimama kwenye taa za barabarani dinamo haitoi karibu chochote, yaani feni inafanya kazi kwa betri wakati uleule inapohitajika zaidi. Gari linazimika barabarani, na watu wanalaumu umeme wa Kiingereza.

Ndipo alternata, kizalishi cha umeme kinachochukua nafasi ya dinamo, inapoingia, na hapa siipingi. Kama gari linaendeshwa usiku mara kwa mara, alternata ni mabadiliko ya maana, na yanaweza kufanywa kwa bolti zilezile. Kuna hata zilizotengenezwa ndani ya ganda lenye umbo la dinamo, ukifungua boneti huoni tofauti. Yako mambo yanayosahaulika. La kwanza ni waya: ule wa awali ulikusudiwa ampea 22, ukiupitishia 45 unapata joto mpaka plastiki inalainika, kwa hiyo waya mnene wa ziada uende moja kwa moja kutoka alternata hadi kwenye nguzo ya starta. La pili ni ampea mita ya dashibodi, ambayo ikiwa na kipimo cha 30 kila upande haitakiwi kupitishiwa mkondo wote wa alternata. La tatu ni chanya na hasi. Magari mengi ya Uingereza yalikuwa na chanya kwenye bodi (MGB, gari dogo la michezo, ilikuwa hivyo hadi 1967), na alternata ya kawaida inataka hasi kwenye bodi. Kugeuza si kazi kubwa: geuza betri, badilishana nyaya mbili za koili, badilishana nyaya za ampea mita. Starta haihitaji kuguswa, kwa kuwa koili zake za ndani zote zinageuka pamoja na mwelekeo wa mzunguko unabaki uleule. Mota zenye sumaku ya kudumu, kama feni za hita fulani, zitazunguka kinyume mpaka uzibadilishie nyaya. Redio ya zamani na takometa ya umeme zitaungua au kugoma zisipofanyiwa kazi kwanza. Kama dinamo inabaki, lazima ifundishwe upya: chomoa waya kwenye nguzo F ya dinamo, kisha gusa nguzo hiyo mara mbili tatu, kwa sekunde moja, kwa waya unaotoka kwenye nguzo ya betri ambayo haiko kwenye bodi. Cheche ndogo itaruka. Usumaku wa ndani umeshageuka.

Kabla ya yote hayo, jaribu rilei za taa, yaani swichi zinazoendeshwa na mkondo mdogo ili zipitishe mkubwa. Umeme wa taa kubwa kwenye gari la zamani hutoka kwenye betri, hupita swichi ya dashibodi, swichi ya kubadilishia mwanga, kisha mita kadhaa za waya mwembamba hadi mbele. Pima volti kwenye balbu taa zikiwa zinawaka, ulinganishe na za betri. Kupoteza volti moja na zaidi ni kawaida, na mwanga huanguka haraka kuliko volti: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Rilei mbili, moja ya mwanga mrefu na moja ya mfupi, zinafichwa nyuma ya grili. Nguzo ya rilei iliyoandikwa 30 inapokea waya wa mm² 2.5 kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15, 87 inakwenda kwenye taa, 85 kwenye bodi, na 86 inapokea ule waya wa awali uliokuwa ukienda kwenye balbu. Usiukate. Tengeneza kiunganishi kinachochomeka mahali pa balbu, ili siku ya kurudisha uchomoe na kuchomeka tu. Swichi ya dashibodi, ambayo kwa magari mengi haipatikani tena, sasa inabeba mkondo mdogo sana na itadumu. Hapo badiliko limekuwa mlinzi wa kilicho asili.

Kwenye distributa, kigawa cheche, hadithi ni hiyohiyo. Kifaa cha elektroniki kinachokaa chini ya kofia badala ya platini (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itoke) ni badiliko zuri, halionekani na linarudishika kwa dakika kumi. Ila shika shafti ya distributa kwa vidole, isukume kushoto na kulia. Ikicheza, ndiyo iliyokuwa ikiharibu nafasi ya platini, ile 0.4 mm unayoipanga kwa uangalifu halafu inabadilika kila mzunguko. Kifaa cha elektroniki kitaficha ugonjwa huo kwa sehemu, lakini springi za uzito wa kuwahisha cheche zikiwa zimelegea au moja imekatika, injini bado itagonga. Tengeneza distributa kwanza. Pima pia ukinzani wa koili: vifaa vingi vya aina hii vinataka koili ya om 3, na ukikipa koili ya 1.5 isiyo na rezista yake kinaungua. Kingine kinachoviua ni kuacha ufunguo umewashwa injini ikiwa imezima. Platini na kondensa vya zamani viwekwe kwenye kopo ndani ya gari, pamoja na bisibisi.

Mafuta ya injini yanastahili kutajwa, ingawa si badiliko la spana. Injini zenye tapeti bapa (vipande vinavyosukumwa na kamshafti) zinategemea zinki na fosforasi kwenye oili, na oili nyingi za sasa za magari madogo zimepunguziwa fosforasi hadi karibu sehemu 800 kwa milioni ili kulinda vichujio vya ekzosti. Tafuta yenye 1,000 hadi 1,200. Tapeti mpya na kamshafti mpya zikipewa oili isiyofaa zinaweza kulika ndani ya dakika 20 za kwanza. Petroli nayo haina risasi tena, ile iliyokuwa ikilinda viti vya valvu. Nchi ya mwisho kuuza petroli yenye risasi kwa magari iliiacha mwaka 2021. Hedi nyingi za aluminiamu zina viti vya valvu vya chuma kigumu tangu kiwandani, hivyo kwa kawaida hazina shida. Hedi za chuma cha kalibu zinaweza kulika viti. Usikimbilie kufungua hedi iliyo nzima. Pima nafasi ya valvu kila unapobadilisha oili, na kama ya ekzosti inapungua kila mara, viti vigumu viwekwe siku hedi inapofunguliwa kwa sababu nyingine.

Breki ndizo zinazonifanya niwe mkali, maana hapo watu hubadilisha kwa nia njema kabisa na kuunda hatari. Mtu anaweka diski mbele kwenye gari la drami pande zote. Drami za zamani zina vali ndogo kwenye master silinda (pampu inayosukumwa na pedali) inayobakiza shinikizo, kama psi 10 (paundi 10 kwa inchi ya mraba), ili mipira ya silinda za magurudumu isilegee. Shinikizo hilo likibaki kwenye diski, padi hazitoki, zinapata moto, na fluidi inachemka. Tena diski zinataka shinikizo kubwa kuliko drami zenye kujivuta zenyewe, kwa hiyo pedali inakuwa ngumu kama jiwe mpaka uongeze sevo, kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu. Na mbele ikishika kuliko nyuma ilivyopangwa, uwiano wote umehama. Kama unabadilisha, chukua mfumo mzima wa gari moja lililotoka kiwandani hivyo, master silinda ikiwemo, badala ya kuokoteza kutoka magari matatu.

Land Rover Series, zile za zamani, ni darasa zuri hapa. Ile fupi, yenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilitoka na drami za inchi 10, ile ya inchi 109 ilitoka na za 11. Drami za mbele za 109 zinaingia kwenye 88 kwa bolti, na matokeo yake ni gari linalosimama vizuri zaidi kwa vipuri vya kiwanda kilekile na zama zilezile. Sioni ni mtetezi gani wa uasilia angelalamikia hilo.

Linganisha na kuiwekea injini ya dizeli ya 200Tdi. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoa takriban nguvu za farasi 70, hiyo inatoa karibu 110. Inakubali kushikana na giaboksi, ndiyo maana inapendwa. Lakini turbo ya toleo la Discovery, gari jingine la Land Rover, iko chini, karibu na chesesi, na hapo ndipo grinda hutoka kwenye sanduku. Injini ikishakaa, difu za uwiano wa 4.7 zinaifanya ipige kelele kwa mwendo mdogo, basi mtu anaweka difu za 3.54. Sasa kwa mizunguko ileile gari linakwenda asilimia 33 haraka zaidi, na kwa kuwa spidomita inaendeshwa kutoka giaboksi, haijui. Ukisoma 60, unakwenda karibu 80, kwenye springi za majani na drami zilezile. Kisha haf-shafti za nyuma, zinazozungusha magurudumu, ambazo hata kwa injini ya awali zilijulikana kwa kukatika, zinaanza kukatika. Hakuna kipande kimoja cha gari kinachoishi peke yake. Anayebadilisha injini anapaswa kuandika mlolongo wote kwenye karatasi kabla ya kufungua bolti ya kwanza: klachi, giaboksi, difu, haf-shafti, breki, rejeta, ekzosti, spidomita. Kama hawezi kuumaliza, asiuanze.

Matairi kwa ufupi: ya radiali ni salama kuliko ya zamani yenye nyuzi za kukatishana, lakini usichanganye radiali mbele na ya zamani nyuma, gari litazunguka kwenye kona. Upana kupita kiasi hufanya usukani uwe mzito na kuchosha beringi. Soma tarehe ubavuni, tarakimu nne, wiki na mwaka. Tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka 15 ni tairi bovu.

Kuna vitu ambavyo hakuna spana inayovirudisha, na hivi ndivyo ninavyovililia. Cha kwanza ni rangi ya kiwandani. Kipima unene kikisoma maikroni 80 hadi 150 pande zote, gari halijapakwa tena. 250 na kuendelea limepakwa. Zaidi ya 1,000 kuna pati chini. Gari lenye rangi yake ya kwanza, hata iliyofifia na kuchubuka pembeni, linabeba ushahidi usio na nakala. Lisafishwe kwa mkono, lipakwe nta, liachwe. Cha pili ni namba zilizogongwa. Kwenye injini za V8 ndogo za Chevrolet, namba iko kwenye kijukwaa mbele ya bloku upande wa kulia, chini kidogo ya mbele ya hedi. Kijukwaa hicho kiko usawa mmoja na uso wa bloku. Fundi wa mashine akichonga uso ili hedi ikae vizuri, bila kuambiwa, anafuta namba kwa pigo moja, pamoja na mistari myembamba ya mashine ya kiwanda ambayo wakaguzi huitazama kwa lenzi. Piga picha ya namba, mwandikie fundi kwa maneno, na simama hapo siku ya kazi.

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966, linahesabu kuwa la kihistoria gari lenye angalau miaka 30, lililohifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria na lisilotumika kama usafiri wa kila siku. Mkataba wake wa Turin umejengwa juu ya Mkataba wa Venice wa 1964 unaohusu majengo ya kale. Ulinganisho huo unanifaa. Mlango wa kale uliochongwa unaweza kuongezewa kufuli jipya, lakini haupunguzwi urefu ili zulia lipite.

Si kila gari linadai heshima hiyo. Bodi iliyooza, injini ya awali imepotea, dashibodi imeshatobolewa kwa spika na matao ya magurudumu yamekatwa miaka mingi iliyopita: hilo ndilo la kubadilishia injini, kushushia springi, kuwekea viyoyozi. Ukitaka umeme pia, hewala. Jaguar yenyewe ilionyesha E-Type ya umeme mwaka 2017 iliyopangwa iingie bila kugusa muundo wa bodi. Kinachoniuma ni kuona gari zima likikatwa wakati mzoga wa kufanyia kazi hiyo uko jirani.

Na kipo kitu kimoja ambacho ninaruhusu hata drili: mikanda ya usalama. Kama gari halina sehemu za kuifungia, ziwekwe, na ziwekwe sawasawa. Bolti ya kawaida ni ya inchi 7/16 UNF (kipimo cha nyuzi za bolti), inayoingia kwenye nati iliyochomelewa kwenye sahani ya chuma nyuma ya bodi, mahali penye chuma cha muundo. Washa kubwa, ile pete ya chini ya nati, kwenye bati jembamba itapita kama kidole kwenye karatasi siku ya ajali.

Kila unachokitoa kihifadhiwe. Dinamo ipanguswe, ipakwe mafuta mepesi kwenye shafti, ifungwe kwenye nailoni pamoja na pakiti ya kunyonya unyevu. Kabureta imwagwe petroli mpaka tone la mwisho, matundu yazibwe kwa tepu. Injini itolewe petroli na maji, kijiko cha oili kiingizwe kila silinda kupitia tundu la plagi, izungushwe kwa mkono, plagi zirudishwe. Bolti zibaki na kifaa chake, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wenye kibandiko, kwa sababu gari la Uingereza la miaka ya 1950 linaweza kuwa na nyuzi za BSF, kipimo cha zamani cha Uingereza, upande mmoja na UNF upande mwingine, na bolti ya UNF iliyolazimishwa kwenye tundu la BSF inaingia mizunguko miwili kisha inakula nyuzi zote. Andika tarehe, kilomita na mahali kifaa kilipotoka. Mchoro mpya wa nyaya uchorwe, hata kwa mkono, uwekwe kwenye kisanduku cha dashibodi, na siku gari linapouzwa maboksi hayo yaingie kwenye buti kabla ya ufunguo kutolewa.